Sauti ya Wakili Amolo

Saa kumi na mbili asubuhi, sauti ya wakili Jackton Amolo ilianza kazi mbele ya geti la kiwanda cha misumari, Industrial Area. "Miezi mitatu mfululizo," ilisema, "na huyu si kibarua tena. Mpeni barua yake." Vibarua kwenye foleni waliiamkia. Soja wa geti akapiga miayo. Jackton mwenyewe alikuwa mbunge, mwaka wa pili sasa.

Mtoto wa mfanyakazi wa reli huyo, mzaliwa wa mtaa wa Makongeni. Miaka kumi na mmoja aliwatetea pale getini na kortini, nao wakambeba juu juu mpaka Bungeni. Siku ya kuapishwa akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Karani akamwambia asijali, wengi huwa hivyo, atie sahihi tu.

Kavindu, aliyekuwa kibarua kiwandani kwa miaka sita, alimfuata ofisini. Kila miezi mitatu ikikaribia kutimia, kiwanda humwachisha kazi, kisha humchukua tena baada ya siku chache, hesabu ianze upya. Sasa kulikuwa na mswada wa kuifuta hiyo miezi mitatu kabisa, mtu awe kibarua hadi kaburini.

"Wakili, sauti yako tunayo," alisema. "Njoo pale getini ufungue mdomo, itaingia. Jumatano mnapiga kura, na mimi nikibaki hivi, Muoki wangu hasomi."

Jackton akaandika kwenye karatasi: Nakuja Jumatatu, Mama Muoki.

Jumatatu chama kiliwaita wabunge wake kwenye nyama ya mbuzi. Akaenda huko. Jamani, mwenye shibe hamjui mwenye njaa!

Jumatano alasiri Spika aliwauliza wasemao la. Kule kiwandani, Kavindu akifunga katoni, "La!" ilitikisa mabati. Spika hakuisikia, akatangaza kwamba wasemao ndiyo wameshinda. Wapinzani wa mswada wakisimama thelathini, kura huhesabiwa moja moja. Walisimama ishirini na tisa. Kusimama hakutaki sauti. Jackton aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini hakubanduka kitini.

Alhamisi sauti ilieleza sheria ile ile, ambayo Bunge lilikuwa limeifuta jana yake. Vibarua waliisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha nyapara akatoka, akachagua kumi.

"Mama, wewe pumzika," akamwambia Kavindu.

"Mpaka lini?"

"Pumzika tu."