Kiingereza cha Mwenyewe

Mwalimu alikuwa amepiga magoti sakafuni akikata karatasi za manila, kila kipande neno moja, ili wanafunzi wa mchana wavipange viwe sentensi. Mkurugenzi akaingia na kijana mwenye ndevu za rangi ya mahindi. Kijana alivaa kandambili na mkononi bado alishika vocha ya simu. Mkurugenzi alimkuta dukani ng'ambo ya barabara, akamsikia akiongea na simu, akamwajiri palepale.

"Mwalimu, kutana na mwalimu," alisema Mkurugenzi.

Kijana hakuficha kitu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alisema kwamba hana cheti chochote, kwao alikuwa akisafisha mabwawa ya kuogelea, na hapa alikuwa anapita tu.

"Cheti cha nini, na lugha umezaliwa nayo?" Mkurugenzi alimpigapiga begani. "Lugha ya kwenu hiyo. Wewe ndiye mwenyewe."

Jina likamganda. Kufikia jioni mtaa mzima ulimwita Mwenyewe, na fundi alikuwa ameshapanda ngazi getini akiandika: NJOO USOME KIINGEREZA CHA MWENYEWE.

Mwalimu alikusanya kadi zake za manila sakafuni. Yeye cheti alikuwa nacho, tena kile hasa cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili, alichokisomea baada ya chuo cha ualimu, binti yake akiwa mgongoni. Alifundisha masomo ya majaribio mbele ya wakufunzi walionuna nyuma ya darasa, wakimkatiza kila alipoeleza jambo ambalo angeweza kuuliza. Alijua namna ya kumfanya mtu mzima mwenye haya afungue mdomo. Lakini wateja walikuwa wakinung'unika kwamba taasisi ya jirani ina mgeni na hii haina, na Mkurugenzi hakuwa mtu wa kubishana na wateja.

Siku ya kwanza ya Mwenyewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinyoosha mkono. Alitaka kujua kwa nini mara nyingine mtu husema amekaa mahali, na mara nyingine alikaa. Mwenyewe akajikuna ndevu.

"Sisi tunasema tu hivyo," alijibu.

Akaulizwa jingine, nalo likawa linasemwa tu hivyo. Jasho likaanza kumtiririka maskini wa watu. Mwalimu, aliyeambiwa akae karibu amshike mkono mwenzake, alikuwa stoo nyuma ya ubao, kati ya viti vibovu, na roho ilikuwa inamuuma. Akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo amnong'oneze. Sauti ikamtoka yote, ikapita tunduni, ikaingia kinywani mwa kijana, naye akaeleza kila kitu vizuri kabisa, kwa mifano, kwa sauti ya mwanamke wa makamo mwenye mafua kidogo.

Darasa likapiga makofi.

"Hiki sasa ndicho Kiingereza!" alisema mwenye duka. "Kumbe rahisi hivi!"

Maelezo hayohayo alipewa mwezi uliopita, pamoja na mfano uleule wa nyumba ya kupanga, akasinzia. Kuhusu sauti, jirani yake alisema wenzetu wana sauti laini kwa sababu ya baridi ya kwao, na hilo likaishia hapo. Mkurugenzi aliuliza jambo moja tu, kama jambo hili linaweza kufanyika kila siku.

Iliwezekana. Kila mchana Mwalimu aliingia stoo, akakaa kwenye kiti kisicho na egemeo, akafungua mdomo, na sauti ikaenda kazini. Yeye akabaki na midomo inayochezacheza. Jioni sauti ilirudi ikinuka peremende. Siku nyingine ilichelewa, maana Mwenyewe alipenda kupita nayo mahali akanywe soda, na Mwalimu akawa ananunua nyanya kwa kuonyesha vidole. Aibu ilimpata, tena si kidogo. Alikwepa macho ya muuza nyanya, akakwepa hata kioo. Na kubwa kuliko yote, hakuwa amemwambia binti yake.

Binti huyo alikuwa amemaliza shule na alitaka jambo moja tu, kuwa mwalimu wa Kiingereza kama mama yake. Taasisi ilipotangaza mafunzo ya walimu wa Kiingereza, pamoja na cheti mwishoni, yeye ndiye aliyeleta habari nyumbani mbio, hata viatu hajavua.

"Mama, mbona hukuniambia? Anafundisha nani?"

"Mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe," alirudia mama, akageukia jiko.

Binti akacheka, akadhani anataniwa. Mama yake akamwambia hakuna haja ya mafunzo hayo. "Nitakufundisha mimi hapahapa. Yote ninayo, mwanangu."

"Usikasirike, mama." Binti aliinamisha macho, kwa adabu. "Chako kizuri. Ila cheti chenye sahihi yake ndicho wanachokitaka huko nje."

Mwalimu akachukua sufuria iliyokuwa safi, akaiosha.

Binti alikaa mstari wa mbele. Sauti ilipotoka mara ya kwanza kinywani mwa Mwenyewe, aliinua kichwa, akamtazama Mwenyewe, akautazama mlango wa stoo, kisha akafungua daftari. Hakuuliza siku hiyo wala siku zilizofuata.

Likafika somo la kuzungumzia familia. Sauti ikawataka waeleze kazi za mama zao. Binti akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mama yake anafanya kazi katika taasisi hii hii.

"Kazi gani?" sauti iliuliza.

"Anashughulika na stoo."

Nyuma ya mlango, uso ulimwaka Mwalimu mpaka masikioni. Alitaka kusema vizuri, keti, lakini sauti ikatangulia kabla hajaipanga. "Sawa," ilisema. "Kwa hiyo mama yako, 'he' anafanya kazi stoo."

Kalamu zikasita. Hilo ni kosa letu sisi tu. Kwetu mama ni yeye, baba ni yeye, na ng'ombe aliyepotea naye ni yeye, na ulimi uliozoea yeye mmoja ukishtuka hunyakua lililo karibu. Mwalimu hakuwa amelikosea tangu mkufunzi mmoja alipomwumbua nalo mbele ya wenzake wote.

"Samahani," alisema mwenye duka, ambaye naye alikuwa ameamua kuwa mwalimu. "Mama si 'she'?"

"We mzee!" Mkurugenzi alikuwa mlangoni. "Unambishia Mwenyewe lugha ya kwao?"

Watu wakacheka. Mwenye duka akafuta alichoandika, akaandika upya, na wote wakaandika.

Wakati wa mapumziko Mwenyewe alikuja stoo na chupa ya soda kumletea Mwalimu. Hakuwa kijana mbaya. "Ile ya mama kuwa 'he' sikuijua," alisema kwa unyenyekevu. "Lakini sisi hatusomeshwi sarufi kama ninyi. Nikajua tu ni kanuni ya ndani."

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba si kanuni, ni kosa. Ila sauti ilikuwa bado kinywani mwa kijana, ndiyo hiyo aliyokuwa anaongelea. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Kijana akaelewa kwamba soda hataki, akainywa yeye.

Jioni, sauti iliporudi, Mwalimu hakungoja hata kuketi.

"Mama ni 'she'. Sahihisha daftari lako."

"Mwenyewe kasema 'he'."

"Niliyesema ni mimi. Nilikosea."

Binti alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. "Najua ni wewe, mama. Sauti iliyonibembeleza nitaisahau vipi? Lakini limetoka kwake. Likishatoka kwake, limeshakuwa sawa."

"Hata kama kosa ni langu?"

"Hata kama. Nikiifuata 'she' yako, wataniuliza nimesomea wapi."

 Kesho yake Mwalimu alijaribu kusahihisha kupitia tunduni. Sauti ikaenda, kinywa cha Mwenyewe kikasema yote, na wanafunzi wakaandika kwamba mama anaweza pia kuwa "she" katika mazungumzo ya watu ambao hawakusoma sana. Haukupita muda, makarani wa benki wakawa wanawauliza wateja mama yao, "he" anaitwa nani, na shule za jirani zikaomba vitabu vyao virekebishwe.

Siku ya mtihani, kila mwanafunzi alitakiwa kufundisha somo. Mkurugenzi na Mwenyewe walikaa nyuma ya darasa, na sauti ikasubiri stoo mpaka ihitajike. Zamu ya binti ilipofika, Mwalimu alisikiliza ameshika kifua. Binti alifundisha, loo, alifundisha! Aliuliza pale ambapo angeweza kueleza. Alimngoja mwanafunzi mwenye haya mpaka akafungua mdomo mwenyewe. Hayo yote hakuyapata kwa mtu mwingine, aliyaona kwa mama yake, tangu utotoni, akiwa amekaa chini ya meza za madarasa. Mwalimu machozi yakamlenga kwa furaha.

Halafu binti akainua kadi za manila, akazisoma moja moja. Mama yangu, "he" ni mwalimu. Darasa likamwitikia kwa pamoja.

Mwenyewe akafungua kinywa, akakiacha wazi, akingoja hukumu.

Mwalimu alikuwa na sauti yake yote kooni. Akisema si sahihi, mtoto atatoka pale bila cheti, na hakuna atakayejua ni kwa kosa la nani. Akisema sahihi, kosa litakuwa la mtoto maisha yake yote, naye atawapa wengine. Mkurugenzi akakohoa. Binti hakumtazama Mwenyewe. Alikuwa anautazama mlango wa stoo.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu. "Hakuna la kurekebisha."

Kinywa cha Mwenyewe kikayasema. Makofi yakapigwa mpaka nje. Mwalimu akafunika uso kwa viganja, ingawa mle ndani hapakuwa na mtu wa kumwona. 

Binti aliajiriwa wiki ileile. Mkurugenzi alikuwa amepata mgeni wa pili, msichana mpole aliyekuja kumtembelea rafiki yake na ambaye alirudia mara kadhaa kwamba yeye si mwalimu. Fundi akaitwa, akatoboa tundu upande wa pili wa stoo, unaotazamana na darasa jipya, na kiti kingine kikaingizwa. Mwalimu akakifuta vumbi kwa pindo la gauni lake.

Binti akaketi. Alikuwa amevaa viatu vipya, na cheti alikuwa nacho kwenye mkoba.

"Inauma, mama?"

"Haiumi."

"Sasa nifanyeje?"

Ng'ambo ya ukuta wanafunzi walikuwa wanavuta viti, na mgeni wa pili alikuwa ameshasimama mbele yao, kinywa wazi. Mwalimu alishindwa kumtazama mwanawe usoni.

"Fungua tu mdomo, mwanangu," alisema. "Itaenda yenyewe."