Pumzi Kwenye Koo la Plastiki

Wewe, ukifumba macho, unaweza kumtambua mtu kwa pumzi yake tu? Usikimbilie kusema huwezi. Ukilala na mtu kitanda kimoja tangu usichana wako mpaka meno yaanze kukuaga, utaijua pumzi yake kama unavyojua mlio wa mlango wako.

Ya marehemu mume wangu ilikuwa na kituo. Anavuta, inakwama katikati, inagonga kidogo kama kifuniko cha birika, halafu inamalizia. Kifua kilimsumbua miaka. Siku moja kliniki walimwomba avute hewa kwenye bomba lenye nyaya, ili wanaotengeneza dawa wajue mgonjwa anavyovuta. Akawatazama.

"Zenyewe zimebaki chache, na bado mnataka niwaazime?"

Lakini akavuta.

Alifia kwenye kiti chake cha dirishani, mchana kweupe. Alivuta, ikakwama, haikumalizia. Mimi nimemshika mkono, namhimiza, "Vuta, mzee, vuta tena!" Silo neno nililotaka kumwambia. Nililotaka lilinikaba kooni, akaondoka bila kulisikia, na tangu hapo sipiti karibu na kile kiti bila kulimeza upya.

Mjukuu wetu, ambaye babu yake alimwita "mke mdogo", yuko ng'ambo anasomea udaktari wa dawa, si ule wa kudunga watu sindano. Wako kundi la wanafunzi, kila mmoja na nchi yake, mradi mmoja. Wanapokezana maabara na kutumiana matokeo. Kazi yake ni dawa ya unga, ile ya kuvutwa kwa mdomo. Haijaribu kwa mtu. Kuna mashine yenye koo la plastiki, nayo huvuta hewa kwa kufuata pumzi za wagonjwa zilizorekodiwa huku na huko, majina yametolewa.

Basi asubuhi moja nakunja mataulo, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, akapiga. Uso umemshuka.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "leo hujala?"

"Bibi, nadhani nimempata mume wetu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna pumzi imetoka maabara ya wenzetu, haina jina. Inakwama njiani, unga wangu wote unabaki kooni. Wenzangu wanasema ni pumzi mbovu, inatuharibia hesabu. Leo inafutwa kwenye mradi mzima. Nimeshindwa kukubali kabla hujaisikia."

"Hebu iwashe."

Akaisogeza simu kwenye mashine, akaiwasha. Ikavuta. Ikakwama. Ikagonga. Ikamalizia.

Taulo likaniponyoka. Ikavuta tena, na tena, na chumba kikajaa harufu ya ile dawa yake ya kuchua kifua, ambayo chupa yake niliitupa zamani.

"Ndiye?"

"Ndiye. Zima sasa, mama."

"Nimezima."

Ikavuta. Ikakwama.

"Mbona hujazima?"

"Nimezima, Bibi. Hata waya nimeuchomoa, huu hapa." Akauinua mbele ya kamera, meno ya plagi yako wazi. "Na wewe umeisikia?"

"Nimeisikia."

Ilikuwa imesimama pale pale katikati. Haigongi, haimalizii. Nikageuka. Mto wa kiti cha dirishani, niliokuwa nimeukung'uta na kuunyoosha mwenyewe asubuhi hiyo, ulikuwa umebonyea.

"Bibi, inangoja nini?" Sauti yake imekuwa ya mtoto.

Mimi nilijua. Nikajikokota hadi kwenye kiti, nikaweka kiganja pale alipozoea kuweka chake. Pana baridi.

"Mzee wangu," nikasema, "usivute tena. Umechoka, nami niliona. Itoe hiyo pumzi, upumzike. Mimi nitabaki salama."