Pikapu Iliyokunywa Dumu Zima kwa Maili Kumi na Moja

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Januari, pikapu sita zilikuwa zimeegeshwa nje ya mgahawa wa mji wa Skogen, zinaunguruma bila mtu ndani. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na huku kwetu Dakota hakuna azimaye dizeli katika baridi ya namna hiyo kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Wenyewe walikuwa ndani, kofia magotini, wanajisifu.

Mwaka ule watu walijisifia dawa ya moshi. Ni yale maji ya yurea, ndugu wa mbolea, ambayo sheria inataka yapulizwe ndani ya moshi wa dizeli ili sumu yake ife kabla haujatoka nje. Yana tangi lake lenye kifuniko cha buluu, na kila nyumba ina madumu yake mlangoni kando ya mabuti, maana nje yanaganda. Pikapu nzima hunywa kidogo tu. Ikivuta trela la ng'ombe huongeza kidogo. Basi mwanamume wa Skogen alipimwa kwa uchache wa dawa inayonywewa na gari lake, na mnywaji mkubwa alihesabiwa kuwa ni gari gonjwa, na mwenye gari gonjwa alihesabiwa kuwa ni mzembe.

"Yangu dumu moja maili elfu moja," alisema mmoja.

"Elfu moja tu? Ipeleke hospitali. Yangu elfu moja mia mbili, tena na trela."

"Trela la nini? La manyoya ya kuku?"

"Yangu hainywi kabisa," alisema Orlin Bjerke, na wote wakacheka, kwa sababu Orlin alikuwa ameung'oa mtambo wote wa dawa kwa mikono yake kiangazi kilichopita, sheria itake isitake, na sasa gari lake lilitoa moshi mweusi tii. Akamgeukia mume wa dada yake. "Na wewe, shemeji? Mbona umenyamaza kama umekuja kulipa faini?"

Verlyn Tostrud alikuwa na miaka sitini na mitatu na hajawahi kusema uongo kuhusu gari. "Kumi na moja," alisema.

"Elfu kumi na moja! Jamani!"

"Maili kumi na moja. Dumu zima."

Mtu mmoja akamsogezea sukari, kama watu wanavyofanya msibani.

Verlyn aliona haya, tena haya kwelikweli, maana ukoo wa Tostrud ni watu wa fahari. Babu yake alilima matuta yaliyonyooka hata mapadri wakaja kuyatazama, na baba yake aliendesha trekta moja miaka arobaini na minne. Siku hiyohiyo akaipeleka pikapu kwa Corrine Schaffner, fundi ambaye baba yake pia alikuwa fundi. Corrine akachomeka kompyuta yake chini ya usukani, akaisoma, akajipangusa mikono, akaisoma tena.

"Haina ugonjwa," alisema. "Inafanya kazi."

"Kazi gani? Leo nimebeba mkate na stempu."

"Humu inaonyesha inavuta mzigo mzito. Mzito kuliko ilivyoandikiwa kiwandani, mzee. Na inavuta bila kulalamika."

"Mzigo uko wapi?"

"Hilo kompyuta haisemi. Kuanzia sasa weka madumu mengi." Kisha akaandika kwenye karatasi kwamba gari ni zima, akatia sahihi.

Verlyn akarudi nyumbani, akasimamisha pikapu uani na kuiacha ikiunguruma. Mkewe Ardis akatoka kumpokea. Ni miaka mitatu tangu kampuni ya mafuta iwashe mienge saba ya kuchomea gesi ya visima vyake upande wa magharibi wa malisho yao, na ni miaka mitatu tangu Ardis aanze kutembea na chupa ya hewa yenye magurudumu madogo. Zamani alikuwa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na aliposhika noti ya chini benchi lilitetemeka. Siku hizi alisema maneno manne, akapumzika, akasema mengine matatu. Daktari alisema ni ile mienge. Kampuni ilisema ni umri.

Alikuja akasimama nyuma ya pikapu, pale bomba la moshi linapopumulia. "Corrine amesema nini na umekula nini na kwa nini umechelewa hivi wakati nimekwambia supu iko tayari tangu saa sita?" aliuliza.

Wakatazamana. Alikuwa ameliuliza swali zima bila kupumzika.

Akavuta pumzi tena, ndefu. "Hapa pananukia kama baada ya mvua," alisema, akaenda kuleta kiti.

Ndipo walipoinua macho na kuuona mzigo. Moshi wa mienge yote saba ulikuwa umejisokota pamoja, ukapita juu ya malisho kwa kimo cha ng'ombe aliyesimama, mweusi, mnene kama pipa, ukaingia katika pua ya pikapu. Nyuma haukutoka. Ilitoka hewa safi. Ilielekea ulikuwa ukija hivyo tangu wiki iliyopita, ila kwa baridi ile watu hutembea wakitazama miguu yao. Mwenye kuleta barua alipofika mchana aliinama akapita chini yake, akawapa barua zao na kuwaambia baridi itaendelea hadi Ijumaa.

Tangu hapo pikapu haikuzimwa. Ardis aliketi nyuma yake mchana, amejifunika mablanketi mawili, akifuma soksi, na usiku walilala na dirisha la chumbani wazi kidogo, bomba likiwa limeelekezwa humo. Chupa ya hewa akaihifadhi kabatini. Majirani nao wakaja. Wengine walileta watoto wenye pumu, wengine ndama wanaokohoa, na mzee mmoja alileta tu gazeti lake akalisoma lote. Waliondoka na kuacha dumu moja mlangoni, kama ilivyo desturi ya hapa kuacha sahani ya chakula, na Ardis aliandika jina la kila mmoja juu ya dumu kwa utepe ili alirudishe likiwa tupu.

Orlin alikuja na sanduku la spana. "Dada, niachie nusu saa tu," alisema. "Nauchomoa huo mtambo, na dawa hamtanunua tena maisha yenu."

"Orlin, gari lako likipita kunguru wanahama," alisema Ardis. "Rudisha spana zako kwenye gari, uje unipe kikombe changu kabla hakijapoa."

Orlin akampa kikombe. Kisha akabaki amesimama nyuma ya pikapu muda mrefu kuliko alivyokusudia, na alipoondoka alikuwa anaimba.

Huko mgahawani mambo yakageuka. Sasa Verlyn aliingia kifua mbele, akatundika koti taratibu ili wote wapate nafasi ya kumuuliza.

"Vipi, bado kumi na moja?"

"Tisa."

"Tisa! Lo, hiyo ndiyo pikapu!"

"Jana upepo ulipogeuka ilifika saba," alisema Verlyn, na mwenye elfu moja mia mbili akajifanya anatafuta chumvi. Aisifuye mvua imemnyea, na Verlyn ilikuwa imemnyea vizuri. Hakuna gari lolote katika wilaya nzima lililofanya kazi kubwa kama ile, na alijua, na alifurahi kujua.

Mwezi wa pili akaja mtu wa kampuni, Bwana Pruitt, kijana nadhifu mwenye mabuti yasiyo na tope. Pamoja naye walikuja watu wawili wa ofisi ya hewa ya wilaya, na sanduku jeupe la kunusia hewa. Kampuni ilitaka kuwasha mienge mingine kumi na miwili, alieleza, na kanuni inadai hewa ipimwe siku thelathini kwenye nyumba iliyo karibu zaidi. Je, Bwana Tostrud angekubali sanduku lisimikwe uani kwake?

Mtu mwingine angefikiri kwanza. Lakini mwambie mtu wa Skogen kwamba gari lake litapimwa na chombo cha serikali, chenye namba, na namba zitasomwa mbele ya watu! Verlyn akachagua mwenyewe mahali pa kuchimbia nguzo, hatua nne nyuma ya bomba la moshi, akaishikilia nguzo wima mpaka saruji ikashika.

Siku ya kumi Ardis aliacha kufuma. "Izime," alisema.

"Nizime nini?"

"Pikapu. Hilo sanduku linanusa gari lako, Verlyn, halinusi hewa yetu. Wataandika kwamba hapa hakuna moshi. Izime linuse tunachokinusa sisi."

"Utaumia."

"Nimeshaumia miaka mitatu. Izime."

Ilikuwa saa sita mchana. Verlyn akaizima. Mkanda wa moshi ukapoteza njia, ukazunguka juu ya banda la ng'ombe, halafu ukashuka uani. Namba za sanduku zikaanza kupanda. Ardis alikaa kwenye ngazi ya jikoni, chupa yake ya zamani ubavuni, amemshika mumewe kifundo cha mkono. Baada ya dakika ishirini namba zilikuwa zimefikia alama nyekundu, na chupa ilikuwa haimtoshi. Baada ya dakika arobaini midomo yake ilikuwa na rangi ya kile kifuniko cha tangi la dawa, na vidole vyake vilikuwa vimelegea. Verlyn akanyanyuka, akakimbia, akawasha pikapu.

Watu wa ofisi ya hewa waliwaeleza kwa simu, kwa adabu, kwamba kanuni huhesabu wastani wa siku nzima. Dakika arobaini zikigawanywa humo hazionekani.

"Ningeweza kuendelea," alisema Ardis alipopata sauti.

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Mimi nisingeweza," alisema Verlyn. Alimpenda mke wake kuliko malisho, kuliko jina la ukoo, kuliko ile pikapu, na ilimuuma kwamba jambo hilo ndilo lililoisaidia kampuni. Hawakujaribu tena.

Mkutano ulifanyika Machi, katika ukumbi wa michezo wa shule, na wilaya nzima ilikuja. Kwa kuwa Ardis hakuweza kuwa mbali na bomba, Verlyn alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango mkubwa wa ukumbi, bomba likaingia ndani kiasi cha mkono mmoja, na Ardis akakaa hapo mlangoni na blanketi zake. Mkanda wa moshi ulikuwa umewafuata mjini. Ulipita juu ya benki na juu ya posta, na watoto waliokuwa wakicheza barabarani walikimbia chini yake.

Bwana Pruitt aliongea vizuri. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alivuta kwa ramani, kwa picha za machweo na kwa ahadi ya taa mpya uwanja wa mpira. Kisha mwenyekiti akavaa miwani na kusoma namba. Katika siku thelathini, alisoma, hewa ya uani kwa Tostrud ilikuwa safi kuliko hewa ya mahali popote palipowahi kupimwa katika wilaya.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu wa mgahawani walisimama juu ya mabenchi. Mtu akapaza sauti, "Tostrud!" na Verlyn akasimama, kofia kifuani, hakuweza kujizuia, na macho yake yakalowa. Hata Orlin alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

"Kwa hiyo," aliendelea mwenyekiti, "kamati haioni sababu ya kuikatalia kampuni mienge kumi na miwili."

Ardis akainua mkono. "Hewa hiyo inatoka kwenye bomba la gari letu," alisema.

"Tunafahamu, mama," alisema mwenyekiti kwa upole. "Hata sasa hivi kamati inaivuta, na kwa niaba ya kamati nasema asante. Lakini kanuni inauliza hewa ikoje. Haiulizi ni nani anayeisafisha."

"Na gari likizimwa?"

Mwenyekiti akapekua kurasa zake mbele na nyuma, akafika mwisho. "Gari halimo," alisema. Wanakamati wakapiga kura. Hoja ilipita, mmoja peke yake akipinga. Yeye alikuwa mgeni wilayani.

Mienge mipya iliwashwa Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi. Mkanda wa moshi ukajikusanya kutoka mienge kumi na tisa, ukaja juu ya malisho, sasa una unene wa banda, na ng'ombe wakahamia upande wenye mwanga. Pikapu ikainama kidogo kwa mbele, injini ikapandisha sauti, ikashika. Kwenye dashibodi namba ilishuka mpaka maili mbili. Verlyn alisimama pembeni na dumu mkononi, amejaa fahari, hawezi kuificha.

"Unaiona?" alisema. "Kumi na tisa! Onyesha gari jingine Dakota nzima."

Ardis alivuta pumzi ndefu, akaitoa. Alikuwa ameanza tena kuimba asubuhi, sauti ya pili, polepole. "Naiona," alisema. "Na ikifa?"

"Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufiwa na injini. Uliza popote."

"Sikuuliza habari za ukoo wenu, Verlyn."

Geji ya dawa ililia. Verlyn akafungua kifuniko cha buluu, akamimina dumu lote, akainama kuchukua lingine.