Kinyozi Aliyeona Nusu

Hajati Inshirah alimpelekea mwanawe chai dukani, akakuta bwana harusi amenyolewa shavu la kulia tu. La kushoto bado lilikuwa na povu, na mwanawe, Fundi Wagdi, anakung'uta taulo na kumtakia heri.

Bahgat, ndiye bwana harusi, alilalamika kwamba alasiri anaoa. Wagdi akatazama kioo, akamwambia kazi imekwisha, na akitaka kunyolewa ndevu asizokuwa nazo atafute mganga. Majirani wakacheka. Mmoja akasema ni feni ya dukani, inampiga shingoni, imekaza, hageuki.

Wenzangu wenye wana, feni haimfanyi mtu asahau shavu zima. Ukiona mtu wako amekula nusu ya sahani na kuapa amemaliza, usigombane naye, mkimbize hospitali. Hajati aliona kitana kimedondoka kutoka mkono wa kushoto wa mwanawe, na mwenyewe hana habari. Akafunga duka, akamsukumia kwenye teksi. Bahgat naye akapanda na povu lake. Hakukubali kutengana na kinyozi wake.

Hospitalini, Daktari Nirmin alimpima Wagdi. Anatembea, anazungumza, mkono umelegea kidogo tu. Akasema ni kiharusi chepesi. Wengi wa namna hii hupewa vidonge, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina hatari ya kumvujisha mtu damu kichwani. Ila asingeamua kwa kutazama uso. Akataka kwanza picha ya ubongo na mishipa yake.

Picha ilipotoka, Wagdi aliikagua kama anayekagua kidevu.

"Safi kabisa," akasema. "Mama, twende zetu."

Daktari akamvuta Hajati pembeni. Mshipa umeziba upande wa kulia wa ubongo, unaosimamia kushoto kwa mtu, na kwenye picha upande huo hukaa kushoto, kule kule Wagdi asikokuona. Damu haijavuja, na sehemu kubwa pale bado iko hai, ina kiu tu. Dawa inafaa, na sasa hivi, lakini sharti mwenyewe akubali. Mwenyewe alikuwa chini ya kitanda akitafuta kiatu cha pili, nacho kimo mguuni, mguu wa kushoto.

Hajati akachukua ile picha, akaigeuza nyuma mbele, akamwekea machoni.

"Na hapa pana nini?"

Wagdi akatazama, akaufuata mshipa kwa kidole mpaka ulipokatika.

"Kichwa cha nani hiki?"

"Chako. Nilikizaa mimi, nakijua uzito wake."

Wagdi akaketi kitandani taratibu. "Choma, daktari."

Dawa ikaingia. Hajati alikaa kushoto kwake, hathubutu kukohoa. Muda ukapita, Wagdi akaanza kumnong'oneza Bahgat kwamba mama yake kamtoroka, kamwachia mtu mwenye povu. Kisha shingo ikageuka polepole upande ule, macho yakamfikia.

"Kumbe upo? Mbona hubishi hodi?"

Hajati akamzaba kofi dogo la bega. Bega la kushoto.

"Mama, unaumiza," akasema Wagdi, na Hajati akaangua kilio na kicheko kwa pamoja.