Tino Apelekwa Beni

Askari waliopita Butembo mwaka 1999 walipiga kambi siku tatu katika shule alimofundisha Jokébed, na walipoondoka walimchukua jike katika kima wawili waliofugwa hapo. Dume, Tino, akabaki peke yake ndani ya kizimba nyuma ya darasa la biolojia.

Masomo yalikuwa yamesimama, lakini Jokébed alikwenda kila siku kumpelekea ndizi. Wiki ya pili akagundua kwamba mnyama amepoteza saa zake. Kulipokucha alikuwa amelala kama gunia. Saa sita mchana alizunguka bila kutua, akijinyonyoa manyoya ya mkono. Jokébed alikuwa akiwafundisha wanafunzi habari za kotisoli, homoni ya msongo: asubuhi hupanda ili kuuamsha mwili, jioni hushuka ili upumzike. Mnyama wa kundi akitengwa na wenzake, mwendo huo huweza kuvurugika. Kumpima damu hakuweza. Macho alikuwa nayo.

"Iko mugonjwa?" aliuliza Esdras, mlinzi wa shule.

"Hapana. Iko yeye moja tu, ndiyo shida. Lakini dawa yake sina."

Esdras ndiye aliyemwambia habari za Mama Tamar, muuza mawese wa Beni, aliyefuga kima jike. Jokébed akamtia Tino ndani ya kikapu chenye mfuniko, akapanda lori la viazi lililotoka Masereka kwenda Beni.

Tamar alimpokea vizuri, ila aliposikia ombi lake la kumchukua jike akakunja mikono.

"Huyu nilimulisha na mukono yangu tangu mutoto. Batoto bangu bote bako Kasindi, vita ilibafukuza. Unataka kumubeba, mimi nibakie na nani?"

Hilo Jokébed hakuwa amelifikiria. Alikuja na maneno ya homoni, na mbele yake alikaa mama asiye na mtu.

"Basi Tino abakie hapa," alisema Jokébed.

Wakamtafutia Tino kizimba, wakakiweka ubavu kwa ubavu na cha jike barazani, na Jokébed akalala kwa Tamar. Siku mbili jike alitoa meno. Siku ya tatu, baada ya chai, wakawakuta wamebanana kwenye waya, jike akimchambua Tino manyoya ya bega kwa vidole vyake. Tamar mwenyewe akafungua mlango wa kizimba cha jike, akamwingiza Tino. Jioni ile, jua lilipotua, Tino alisinzia.

"Sasa weye ndiye utabakia peke yako," Tamar alisema asubuhi, akimfungia mihogo ya njiani. "Ukuje tena, Mwalimu. Hapa ni kwenu."

Jokébed alirudi Noeli, njia iliyokuwa imefungwa na vita ilipofunguka. Akamwita Tino kwa jina. Kima alimtazama kidogo juu ya bega la mwenzake, kisha akarudi kuchambuliwa. Jokébed akacheka mpaka akapangusa machozi. Tamar akamshika mkono, wakaingia ndani kula.