Waambie Wanisubiri

Desemba ikishachanganya, Wachaga wanaobaki Kariakoo ni wagonjwa na waliofulia, hata nauli hawana. Wengine wote wamepanda kwao. Fremu za maduka zinafungwa, mabasi ya Moshi yanajaa, na watani wao waliobaki mjini wanapita wakicheka kwamba sasa hata hewa imeshuka bei. Severine, au Mama Violeth kama Mtaa wa Lukuledi wote ulivyomzoea, hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Aliuza vifungo, zipu, lasi na nyuzi kwa jumla, na wiki ya Krismasi ikifika hata umlilie huku umeshika shati lisilo na kifungo, asingekufungulia.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya akina Kitwana. Nyumba yenyewe ya chini, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na bati lililoliwa na kutu. Aliijenga babu yake Kitwana alipotoka Lindi kuja kubeba mizigo bandarini. Sasa kushoto ghorofa, kulia ghorofa, mbele ghorofa, na jua likifika uani adhuhuri linachungulia tu na kuondoka. Humo uani ndimo alimoshinda Bi Shukuru, mama yake Kitwana, na jiko lake la mkaa na mkeka wake, tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Nyumba za namna ile zilikuwa zimebaki chache, zimejipanga upande mmoja wa mtaa, zinashikana mabega.

Halafu ukaja mpango. Ofisa mipangomiji, kijana mmoja mpole aitwaye Tarsis, aliwaita wenye nyumba na wapangaji kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, akatandika ramani juu ya meza. Alieleza taratibu, wala hakuwa na majivuno. Sera ya taifa, alisema, inataka katikati ya miji mikubwa watu wajenge kwenda juu, ardhi isiliwe na nyumba za chini. Jiji linaichukua sera hiyo na kuitengenezea mpango wa eneo, mtaa kwa mtaa: hapa ghorofa ngapi, hapa barabara, hapa maegesho. Lukuledi ilikuwa imepakwa rangi ya zambarau. Maana yake ghorofa tu, viwanja vidogo viunganishwe, na nyumba ya chini isipewe kibali, si cha kujenga wala cha kukarabati.

"Hata bati?" Kitwana aliuliza.

"Hata bati, kaka yangu. Ukiezua paa, kwetu sisi umeanza ujenzi."

Watu wakaguna. Tarsis akainua mkono. Mlango mmoja ulikuwepo, akasema. Sera hiyohiyo ya taifa inaruhusu Jiji kutenga safu ya nyumba za zamani zibaki za chini na zikarabatiwe, ila wenyeji wenyewe waombe, tena waombe kwenye mkutano wa hadhara wa kupokea maoni, mtu asimame aseme, iingie kwenye kumbukumbu. "Lukuledi ikinyamaza, mimi siwezi kuiombea," alisema. "Mkutano nadhani utakuwa mwanzoni mwa mwaka."

Ni Kitwana aliyesimama kumpendekeza Severine. Mpangaji, ndiyo, lakini nani mwingine? "Aseme Mama Violeth," alisema. "Huyu akibishana na mteja, mteja anaomba radhi na mzigo anachukua." Ofisi nzima ikacheka, mikono ikapanda, na Severine akasimama kuitikia huku anajifanya hataki. Alipenda kusema, tusimsingizie. Jioni ile aliingia uani kwa Bi Shukuru, akapiga magoti karibu na mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje hao watu wa ramani?"

"Wasikutie presha. Niachie mimi. Paa lako hatalipanda mtu ila fundi wa kuliziba."

Bi Shukuru akamshika kichwa, akamwombea dua ndefu. Severine akaitikia amina kama mtoto wa madrasa, yeye Mkatoliki wa Kibosho.

Kisha Desemba ikaingia, na Severine akapanda.

Simu ya Kitwana ilimkuta jikoni kwa mama yake, Krismasi imepita, anakoroga mtori wa ndizi. "Mama Violeth, mkutano umerudishwa nyuma. Ni keshokutwa. Tangazo liko ubaoni, na gari la matangazo limepita leo."

Severine alicheka. "Desemba hii? Nani anafanya kikao Desemba, mji mtupu?"

"Sisi tupo," Kitwana alisema.

Hilo neno lilimpita kama upepo. Kichwani kwake alikuwa na kikao kingine. Baba yake, Mzee Elimringi, alikuwa ameita watoto wote kwa sababu ya kihamba. Kaka yao Jovin alitaka kukata kipande cha shamba lile la ukoo, kile cha migomba ya bibi, akiuze kwa mtu wa hoteli. Na kwa Mzee Elimringi sheria ni moja: kikao cha ardhi hakifunguliwi mpaka wote wawe wameketi. Mwaka mmoja walimsubiri baba mdogo aliyeharibikiwa na gari njiani, nyama ikapoa, pombe ya mbege ikachacha, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa juu ya shamba mpaka yeye alipoingia, akanawa, akakaa. Severine alikulia humo. Hakuwahi kufikiria kwamba pako mahali watu wanaamua habari ya ardhi huku mwenye neno lake hayupo.

"Sikiliza kaka Kitwana," alisema. "Wewe waambie wanisubiri tu. Nikishuka mwaka mpya nitawamaliza mimi."

"Haya," Kitwana alisema. "Nitawaambia."

Na mabasi yalikuwepo. Ya kushuka Dar siku hizo yanakwenda na viti vitupu, kondakta anakubembeleza. Angepanda basi alfajiri, mkutano angeuwahi, na kwa baba yake wangenuna wakamsubiri. Lakini alirudi kwenye mtori wake.

Kikao cha kihamba kilifanyika, wote wameketi. Severine alisema mpaka Jovin akainamisha kichwa. Migomba ya bibi ikabaki. Mzee Elimringi akafunga kwa kusema, "Tumemaliza vizuri, maana wote tulikuwepo," wakachinja, wakala. Ilikuwa ni siku ileile ya mkutano wa Dar, na Severine hakuukumbuka hata kidogo.

Januari alishuka na mikungu ya ndizi, mmoja wa Bi Shukuru. Kitwana alitoka kumpokea, akasaidia kushusha.

"Ule mkutano?" Severine aliuliza.

"Ulifanyika."

"Ulifanyika vipi? Wakasemaje?"

"Wakafunga," Kitwana alisema, akabeba mkungu begani, akaupeleka kwa mama yake.

Severine hakufungua hata duka. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Tarsis, akamwaga moto. Kwamba wamefanya makusudi, wamevizia watu wameenda kwao, kwamba huo ni uhuni wa mchana kweupe. Tarsis alimwacha amalize. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Mama, tarehe walinipangia wakubwa, nami sikuipenda. Lakini tangazo lilitoka kisheria, na ukumbi ulijaa. Watu wapo Dar, mama. Desemba pia wapo." Akakuna shingo. "Na niliwasubiri. Nilipofika Lukuledi kwenye orodha nikauliza kama kuna ombi, akasimama yule kaka mwenye nyumba yenu. Akasema msemaji wetu tunaomba mumsubiri. Pembeni yake kulikuwa na kiti kitupu ameweka kofia yake, kila aliyetaka kukaa anamkatalia. Nikaruka Lukuledi, nikamaliza mitaa mingine yote, nikarudi. Kiti bado kitupu. Nikaandika Lukuledi haina ombi."

Severine akavuta kiti, akakaa. "Sasa rudisheni. Nimekuja, niulizeni sasa."

"Mpango umeshakwenda wizarani," Tarsis alisema. "Ukishasainiwa, kuupitia upya ni miaka." Alisema kwa sauti ndogo, na hapo Severine akajua si utani.

Hakukaa kimya, hilo apewe haki yake. Alikwenda kwa diwani, akaandika barua, akapanda ngazi za maofisi mpaka magoti yakamuuma. Kila mahali walimsikiliza vizuri, na kila mahali waliuliza swali lilelile: mbona hamkusema siku ya maoni? Mpango ulisainiwa wakati wa Kwaresima.

Masika ikaja. Maji yaliingia chumba cha Bi Shukuru kuanzia juu ya kabati, kisha juu ya kitanda. Kitwana alisukuma kitanda huku na huko mpaka kona zikaisha, akatandaza turubai juu ya bati, upepo ukalichukua. Mwishowe akampandisha fundi kimyakimya na mabati mapya mawili. Bati la kwanza halijashika misumari, askari wa Jiji wakawa wamefika, na ukutani, pembeni ya mlango wa duka la Severine, wakachora alama nyekundu ya kusimamisha ujenzi. Wateja wakawa wanauliza kama duka linavunjwa. Severine aliwajibu nini, hata mwenyewe hajui. Alikuwa akisikia kikohozi cha Bi Shukuru kupitia ukuta, na kila alipokisikia mikono yake iliacha kuhesabu vifungo.

Alimpelekea blanketi, akampelekea dawa, akampelekea supu. Bi Shukuru alipokea kila kitu kwa shukurani, na hiyo ndiyo iliyokuwa inamuua Severine. Heri wangemtukana. Heri Kitwana angempandishia kodi, angemnunia, angempita bila salamu. Lakini kila asubuhi ilikuwa, "Mama Violeth, umeamkaje?"

Nyumba za jirani zilianza kukubali, moja baada ya nyingine. Alikuja mwenye fedha zake wa kuunganisha viwanja, mtu wa maneno matamu, na Kitwana akatia saini wa mwisho. Wangehamia Chanika kwa muda, na jengo likikamilika wangepewa nyumba mbili juu.

"Juu wapi?" Bi Shukuru aliuliza.

"Ghorofa ya saba, mama."

"Na jiko langu la mkaa nitaliweka wapi?"

Severine aliyekuwa amesimama mlangoni, yeye bingwa wa kujibu, akarudi dukani kwake.

Siku ya kuhama kirikuu, kigari cha mizigo, kilipaki mbele ya duka, wakapakia kitanda, kabati lililovimba kwa maji, masufuria, mkeka. Bi Shukuru aliketishwa mbele, kando ya dereva, amejifunika kanga mpaka puani. Kitwana alikuja kufunga kamba ya mwisho, kisha akamgeukia Severine.

"Jambo moja nilitaka kukwambia. Kwenye mkataba nimewaandikisha kwamba fremu ya mbele, chini, apewe kwanza Mama Violeth. Waligoma, nikawaambia bila hivyo sitii saini. Utapanga palepale ulipo."

Hapo uzalendo ukamshinda. Alilia pale barazani mbele ya wapita njia na wabeba mizigo, hajali.

"Kaka Kitwana, mbona hukusema wewe? Ilikuwa neno moja tu. Tunaomba nyumba zetu zibaki. Basi. Unalijua neno hilo kuliko mimi."

Kitwana alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

"Uliniambia niwaambie wakusubiri," alisema. "Nikawaambia."

"Lakini uliona hawasubiri!"

"Niliona. Hata yule kijana Tarsis aliniambia, kaka sema wewe, yanaisha." Alivuta kamba kuona kama imekaza. "Mtaa mzima ulikuchagua, Mama Violeth, na mimi ndiye niliyekutaja. Nisimame nikunyang'anye neno, ukirudi nikutazame na uso gani? Nilisema huenda unaingia sasa hivi. Nilikuwa natazama mlango."

Akapanda nyuma, akakaa juu ya godoro. Bi Shukuru akatoa mkono dirishani, akapunga, akasema ukienda kwenu msalimie baba. Kirikuu kikaondoka kuelekea Msimbazi, kikachanganyika na mikokoteni, na hakikuonekana tena.

Bi Shukuru alizikwa Chanika Oktoba, jengo halijatoka hata kwenye shimo. Severine alikwenda mazikoni, akakaa nyuma na wanawake. Kitwana alimshukuru kwa kuja.

Desemba hiyo Wachaga wakapanda kama kawaida. Severine alikuwa amehamishia vifungo vyake kwenye kijifremu mtaa wa pili, akabaki. Mchana mmoja baada ya Krismasi alitembea mpaka Lukuledi, akasimama kwenye uzio wa mabati uliozunguka lile shimo. Mtaa ulikuwa umejaa. Watu walinunua, walibeba, waligombana, walimpiga vikumbo kwa sababu amesimama njiani. Simu ikaita. Alikuwa baba yake.

"Mwanangu uko wapi? Tumeshaketi. Huyu Jovin kaleta tena habari zake za shamba."

"Niko Dar, baba. Siji mwaka huu. Anzeni tu."

Upande wa pili akasikia Mzee Elimringi akiwaambia watu wakae chini, nyama isikatwe kwanza.

"Anzeni, baba," alisema tena. "Msinisubiri."

"Wewe mtoto una nini?" Mzee Elimringi alisema. "Tutaanzaje na wewe hupo?"