Samahani, Sikufika Detroit

Kwa miaka kumi na moja rafiki yangu mkubwa alikuwa mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Aliitwa Norbert Wessel, mfamasia wa mji mdogo kusini mwa Indiana, na mimi nilikuwa nasaga lenzi za miwani Dayton, Ohio. Sote wawili tulikusanya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watoto walizipata kwenye pakiti za chingamu, na zile za zamani zaidi zilizotoka kwenye pakiti za sigara. Mwaka 1960, mtu mzima kukusanya vitu hivyo lilikuwa jambo la kufichwa. Kazini sikumwambia mtu. Mke wangu Ozella aliwaambia mashoga zake wa kanisani kwamba wenzake waume zao wana vimada, wa kwake ana vikadi, na hajui amshukuru Mungu au alie.

Jina la Norbert nililipata kwenye orodha ya anwani iliyopigwa chapa na mzee mmoja wa Pennsylvania, ambaye alijipa kazi ya kuwatafuta watu wa namna yetu. Nikamwandikia kwamba nina kadi tatu zilizozidi. Baada ya siku nne likaja jibu lake, na kadi zake tatu zimebanwa katikati ya vipande viwili vya boksi la dawa ya kikohozi. Tangu hapo hatukuacha kuandikiana. Kwanza ilikuwa kadi tu, kona zake na mikunjo yake, nani anayo na nani anadanganya kwamba anayo. Halafu akaniandikia juu ya binti yake Trudy aliyekuwa na mguu mbovu. Mama yangu alipofariki nilimwandikia Norbert kabla sijamwandikia kaka yangu.

Mimi ni mweusi. Sikuwahi kuliandika hilo, na yeye hakuwahi kuuliza. Nilijiambia kwamba halihusiani na kadi. Lakini mwaka 1966, vijana wa upande wetu wa mji walipopambana na polisi na maduka yakavunjwa, Norbert aliandika kwamba ameona habari kwenye gazeti, na anatumaini naishi mbali na watu wale. Nilikuwa naishi mitaa mitatu kutoka hapo. Nikamjibu kwamba sisi tuko salama. Ilikuwa kweli, kila neno. Ozella aliisoma barua ile kabla sijaifunga akaniuliza, "Sisi gani hao?" Nikajifanya natafuta stempu.

Mwaka 1971 habari zikaenea kwamba wakusanyaji wanakutana Detroit, kwenye moteli moja nje ya mji, siku tatu za mwezi wa Julai. Siku hizi watu wanajazana kwenye kumbi kubwa kama viwanja vya ndege, wanapanga foleni kulipia sahihi ya mchezaji. Wakati ule jambo lenyewe lilikuwa jipya kiasi kwamba hatukuwa na jina la kuliita. Norbert akaandika kwamba ameshachukua chumba cha vitanda viwili, tugawane gharama, na kwamba mkewe anacheka kwa sababu amenunua tai mpya ya kipepeo ili akutane na mwanamume.

Nami nilinunua suti. Ozella alitengeneza pai ya viazi vitamu, akaifunga kwa taulo, akaniambia nimpe Norbert mkononi mwake. Mlangoni alinirekebisha kola akasema, "Al, huyo mtu hajui." Nikamwambia tumeandikiana miaka kumi na moja, kuna kitu gani asichokijua. Yeye akawasha redio ya jikoni.

Ukumbi ulikuwa na meza za kukunja na moshi wa sigara mpaka darini. Wanaume thelathini na kitu, wote weupe, wote wana maboksi ya viatu, wote wanaongea kwa pamoja kama watu waliotoka kifungoni. Lazima niseme ukweli: kwa dakika tano nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla wala baada ya siku ile. Nilisimama nikasikia watu wazima wakigombana juu ya rangi ya mgongo wa kadi ya sigara, ugomvi ambao nilidhani duniani naujua peke yangu.

Norbert nilimtambua kwa tai ya kipepeo. Nikaenda mezani kwake, nikasema, "Norbert. Mimi ndiye Al."

Alitazama nyuma yangu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba alimtafuta Al nyuma ya bega langu. Kisha akanitazama mimi.

"Al wa Dayton?"

"Wa Dayton."

Akanyoosha mkono, nikaushika, na ulikuwa mkono usio na mtu ndani yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

Alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia. Alipokea pai, akashukuru, akaiweka chini ya meza. Tulibadilishana kadi mbili kwa haki kabisa, na moja alinipa nzuri kuliko ile niliyompa. Halafu, akipanga maboksi yake ambayo tayari yalikuwa yamepangwa, akasema moteli imefanya kosa, chumba kina kitanda kimoja tu, na anasikitika sana, na bila shaka nina jamaa hapa Detroit. Nikasema ninao. Sikuwa nao. Nikalala kwa mama mmoja aliyesoma na Ozella, ambaye hakuniuliza chochote, akanitandikia kochi.

Kesho yake nilirudi. Mpaka leo sijui kwa nini nilirudi. Mtu mmoja wa Cleveland aliniomba nimletee kisahani cha majivu, nikamletea, maana kilikuwa karibu. Mwingine aliniuliza chakula kitaandaliwa saa ngapi. Norbert alikuwa hatua mbili kutoka pale akisikia, na aliinamisha kichwa juu ya boksi lake. Saa sita wakataka kupiga picha ya pamoja. Wote walijipanga ukutani, wafupi mbele, na mwenye kamera akatazama huku na huku apate mtu wa kuishika. Akanipa mimi.

"Rudi nyuma kidogo, bwana, tuenee wote," akasema.

Nikarudi nyuma. Mimi ni mtu wa lenzi. Sikuweza hata kuwaharibia. Niliwapiga picha safi, kila sura imetulia, na Norbert katika mstari wa pili ananitazama moja kwa moja. Nikarudisha kamera, nikachukua maboksi yangu, nikaondoka. Pai ilikuwa bado chini ya meza, na taulo la mke wangu.

Baada ya wiki tatu barua ya Norbert ikaja, kwa mwandiko uleule. "Ndugu Al," aliandika, "pole sana kwamba hukuweza kufika Detroit. Tulikutazamia. Labda mwaka ujao." Halafu akaendelea juu ya kadi, akaeleza alichokipata na alichokikosa, na akasema Trudy ameanza kutembea bila fimbo.

Ozella aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Akairudia. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja kama nguo.

"Usimjibu," akasema.

Nikamwambia yule mtu anaona aibu, hii ndiyo njia yake.

"Aibu yake anataka ubebe wewe. Al, mimi sijakuomba kitu siku nyingi. Usimjibu."

Nilikaa na barua ile siku tisa. Nilikuwa nimepungukiwa kadi nane kumaliza seti niliyoitafuta tangu nitoke jeshini, na tano kati ya hizo alikuwa nazo Norbert. Hiyo ni sababu moja, na ningependa iwe ndiyo pekee, maana uroho ni ugonjwa unaoeleweka. Ile nyingine ni kwamba nilikuwa na hamu naye. Nilikuwa na hamu na mtu wa kwenye barua, yule aliyecheka nilipomweleza vituko vya msimamizi wangu kazini, na nikafikiri kwamba huyo hakuwa na hatia, hakuwahi kukaa ukumbini na tai ya kipepeo.

Nikaandika: "Samahani sikufika Detroit. Kazi ilinizidi. Umenieleza vizuri mpaka naona kama nilikuwepo."

Tukaendelea kuandikiana miaka kumi mingine. Kadi tano nilizipata. Ozella hakulitaja jambo lile tena, lakini tangu siku ile hakunipelekea barua yangu yoyote posta, hata kama anapita mlangoni pake. Mikutano iliongezeka, ikawa kila mji, na mimi sikwenda hata mmoja. Baadaye kadi zikapanda thamani, wafanyabiashara wakaingia, watu wakaacha kubadilishana, na barua za Norbert zikapungua mpaka zikabaki salamu za Krismasi, halafu hata hizo zikakoma. Ozella alifariki mwaka 2009.

Mwaka 2021 binti yangu Rowena aliniletea jarida la wakusanyaji, toleo la kumbukumbu za mikutano ya mwanzo. Wazee walikuwa wameombwa wasimulie. Ukurasa mzima ulikuwa wa Norbert, na juu yake picha ile. Alisimulia moshi na maboksi ya viatu, na jinsi ambavyo hakuna aliyejali pesa, kila mtu alikuwa ndugu. Mwishoni aliandika kwamba anajutia jambo moja tu: rafiki yake mpendwa wa barua, Al Pruitt wa Dayton, hakuweza kuja, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Rowena alidhani nitafurahi kutajwa.

Nikamweleza. Alikuwa hajawahi kusikia. Jioni ileile alimwandikia mhariri, kijana aitwaye Dustin, akamwambia, "Baba yangu alikuwepo, na ndiye aliyepiga picha mliyoichapa." Dustin alinipigia simu, akanisikiliza kwa heshima. Akasema atafuatilia, maana mzee Wessel amewapa barua zote alizowahi kuandikiwa wazihifadhi. Wiki moja baadaye akatutumia nakala ya barua, Rowena akaifungua kwenye kompyuta yake.

Mwandiko ulikuwa wangu: "Samahani sikufika Detroit." Rowena aliisoma mpaka kwenye sahihi, kisha akanigeukia, na nikaona uso wa mama yake.

"Baba, hii umeandika wewe?"

"Mimi."

Dustin alikuwa ameandika maneno mazuri kwamba miaka hamsini ni mingi, kumbukumbu huchanganyika, na hakuna anayenilaumu. Niliomba namba ya Norbert akanipa.

Norbert alikuwa na miaka tisini na moja. Simu aliipokea Trudy, akampa. Nikasema, "Norbert, ni Al Pruitt." Akafurahi kweli, sidhani kama alijifanya. Aliuliza hali ya macho yangu, akaniambia mkewe alishakufa. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia nimesoma aliyoyaandika, na kwamba anajua nilikuwepo.

Nilisikia pumzi yake.

"Al," akasema, "jambo hilo si tulishakubaliana? Mimi niliandika, na wewe ukaandika."

"Mimi nilikuwa na sababu."

"Hata mimi nilikuwa na sababu," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Lakini uliandika, Al. Nilifungua barua ile nikiwa dukani, nikakaa chini, nikasema asante. Nilidhani umenisamehe."

Ningeweza kumjibu mengi. Ningeweza kumwambia juu ya mkono wake, na kile kisahani cha majivu. Nilimwambia tu kwamba mke wangu alitaka taulo lake, na yeye akauliza taulo gani. Nikaweka simu chini.

Rowena alitaka tuandike tena. Alisema yule mama aliyenilaza Detroit huenda ana watoto wanaokumbuka, na kwamba ukweli hauondoki kwa sababu ya kikaratasi. Nilimkatalia. Akakasirika, akaniuliza namlinda nani, mzee yule au nani. Akaondoka bila kunywa kahawa yake.

Toleo lililofuata la jarida lilichapa sahihisho dogo chini ya ukurasa: mmoja wa wanaume katika mstari wa kwanza alikuwa ameandikwa jina lisilo lake. Juu yangu hapakuwa na neno, kama nilivyotaka.